Maji ya Baba Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni kwa wakwe. Sitoki!

Si unajua ile diet yangu, ya kunywa maji matupu tu na chakula? Mama mkwe kaleta juisi, nikakataa. Soda, nikakataa. Maziwa, nikakataa. Akanuna: "Huyu mkamwana kwetu hanywi kitu?"

Kwa aibu nikaidaka glasi ya maji iliyokuwa mbele ya baba mkwe, nikayagugumia yote. YOTE!

Baba mkwe akasema polepole, "Mwanangu, humo nilikuwa nimeloweka meno yangu ya bandia. Nimeyavaa sasa hivi tu."

Meno, shoga! Nimekunywa maji ya MENO!

Sasa anagonga mlango, anacheka mpaka anakohoa: "Toka tule, mwanangu! Hata niliowazaa hawajawahi kunipenda kiasi hicho!"