Barabara Tupu za Ufaransa

Stechford, Birmingham
Agosti 2018

Ndugu yangu Bethuel,

Nimerudi salama kutoka Ufaransa. Niliendesha baiskeli kilomita mia nne kati ya mashamba ya alizeti, na siku nzima sikupishana na zaidi ya magari matatu. Kila jioni nilikupigia simu, nawe ukanijibu, "Mama amelala, dada. Wewe furahia likizo."

Kumbe alikuwa amefariki, mkamzika bila mimi. Eti hamkutaka nisikie msiba nikiwa peke yangu ugenini.

Stesheni ilikuwa kilomita tisa, na Paris ni saa tatu kwa treni. Huko ningepanda ndege ya kuja nyumbani, nikawahi mazishi. Barabara zile zilikuwa tupu. Ningelia njia nzima bila kumsumbua mtu.

Nakuja Jumamosi. Usije kunipokea, kaburi nitaonyeshwa na majirani.

Dada yako,
Kemunto