Wadi ya Samad Haikushuka

Mama yangu,

Shikamoo, ingawa marahaba yako siisikii tena.

Leo nimepita Samad. Mji wetu umekaa pale pale bondeni, kati ya milima isiyo na jani, mitende huku na huku ya wadi, ule mto mkavu usio na maji ila ya mafuriko, na joto lile ulilolitukana kwa Kiunguja ili majirani wasielewe. Ulikuwa ukisema hujamaliza kuanika kanga ya pili, ya kwanza imeshakauka. Mwaka wetu wa kwanza huku, sabini na mbili nadhani, uliwaona wanawake wanaikimbia wadi kavu, jua linawaka, hakuna hata wingu, ukawacheka. Punde maji yakashuka kutoka milimani, yakachukua beseni lako na nguo zote. Kwetu Unguja mvua ilikunyeshea mwenyewe. Huku hunyesha kwa mwenzio, wewe ukaletewa mafuriko.

Lakini ulijifunza. Falaji, ule mfereji unaopita nyuma ya nyumba, maji yake yalitoka juu kwenye wadi, na wewe ukawa unayasoma kuliko wenyeji. Wadi ikishuka, maji ya falaji huwa mekundu siku mbili tatu. Mimi, bwana mkubwa wa Maskati mwenye pikapu, sikuwahi hata kuyatazama.

Ndipo ikaja habari kwamba mdogo wako, Mama Mdogo Zuwena, yu hoi kitandani huko Sur. Uliniomba jambo moja tu: nije Alhamisi nikupeleke. Nikakubali. Ukapika mkate wa kumimina, ukavaa buibui tangu asubuhi, ukakaa kungoja. Mimi nilikuwa Maskati nacheza karata na wenzangu, na Ijumaa nikalala mpaka adhuhuri. Sikuwa na udhuru, mama. Ulikuwa uvivu tu, na kudhani kuwa mgonjwa atangoja.

Mama Mdogo alifariki Jumatatu. Jirani ndiye aliyekufikisha Sur, ukakuta ameshazikwa.

Nilipowasili matangani, wakwe zake wakauliza mbona hamkuja mapema. Nikajibu mbele ya wote kwamba wadi ya Samad ilishuka Alhamisi, njia ikafungwa. Watu wa Sur watajuaje? Wakanipa pole. Wewe ukainamisha kichwa, ukasema, "Mambo ya Mungu." Tangu siku hiyo hukuniomba tena nikupeleke popote, hata sokoni Sinaw, nami nikajiambia kuwa umeshachoka na safari.

Nimeishi na aibu hii, nikiificha kwa kukuletea vitu: feni, jokofu, mazulia. Ulivipokea vyote kwa dua. Naomba radhi yako sasa, nikijua nimechelewa tena.

Maana ulinipa nafasi. Mwaka ule wa mwisho wako, nimekaa ubavuni mwa kitanda, uliniambia taratibu, "Ile Ijumaa nilifua kanga kwenye falaji. Maji yalikuwa meupe, mwanangu. Nimekungoja uniambie mwenyewe miaka yote hii."

Neno moja tu lilitosha. Badala yake nikakwambia, "Homa hiyo inakusemesha, mama. Lala."

Ukanitazama kidogo, ukafumba macho kama nilivyotaka.

Hukuwa na homa.

Mwanao uliyemsitiri