Ndege wa Wankuru

Mjukuu wangu Gati,

Marahaba. Hapa Nyarero tuko salama. Mahindi tumeanika, na ng'ombe wa mama yako amezaa ndama jike.

Unauliza kama vitabu vipya vya maktaba yenu huko Issenye uvifungie visichafuke, ubakize kimoja tu mbele cha kuonyesha wageni.

Shuleni kwetu nako, nilipokuwa msichana, vilikuja vitabu vipya. Vikafungiwa kwenye kabati la kioo mpaka mgeni rasmi aje kuvikabidhi. Rafiki yangu Wankuru alikipenda kimoja chenye picha ya ndege kwenye jalada. Kila mapumziko alisimama pale akikitazama. Mgeni alikawia. Alipofika, ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia kwa kina Wankuru, naye ameshaolewa.

Nilikisoma mimi. Baadaye nikakutana naye gulioni, mtoto mgongoni. Hata hakunisalimia. Aliuliza, "Yule ndege, ilikuwaje?" Nikamsimulia mpaka watu wakaanza kufunga biashara, na kila nikinyamaza anasema, "Halafu?"

Usingoje mgeni, Gati. Vikichanika, nitakuja mwenyewe na sindano na uzi.

Ni mimi bibi yako,
Nyangi