Usukani Uliopimwa kwa Mikono ya Mwingine

Mkuyuni, Morogoro
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Huko Tabora mmeamkaje? Mgongo wako unasemaje, na ule mguu unaovimba mvua zikikaribia? Mama mkubwa bado anakula mwenyewe au mpaka alishwe? Mimi na Asha miili yetu haina neno, tunamshukuru Mungu. Ila moyo wangu umechafuka, dada, na barua hii ukiisoma umesimama utatupa miwani chini. Kaa kwanza.

Katika barua yako iliyopita uliniuliza kama cherehani ya marehemu mama bado inanifaa. Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaiuza. Ndiyo, nimeiuza. Nitukane, ukimaliza endelea kusoma.

Unajua shemeji yako alivyopunguzwa kazi kule kiwandani mjini. Walimzungusha weee, mwisho wakampa pikipiki kuukuu iliyokuwa ya tarishi, ati ndiyo sehemu ya haki zake. Tukahamia huku Mkuyuni kwenye shamba la ukoo wake. Akawa ananunua ndizi na machungwa huko juu milimani, anateremsha mjini kuuza. Siku hizi si kama zamani, biashara ni huria, hakuna wa kukuuliza umetoa wapi. Tulikula vizuri, sisemi uongo.

Tatizo lilikuwa usukani wa ile pikipiki. Mfupi, uko chini, ukiipanda unainama kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Halafu masika yaliyopita akateleza nayo njia ya Matombo, kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, na kilipounga kiliunga upande. Tangu hapo akiendesha kidogo tu mkono unakufa ganzi, klachi haishikiki. Akirudi namkanda kwa maji ya moto na chumvi, mwanamume mzima machozi yanamtoka. Daktari naye akaongeza lake, kwamba moyo umetanuka na asijichoshe. Sasa asipojichosha tule nini?

Wazo lilikuwa langu mimi. Nilimwambia, "Baba Asha, tubadilishe usukani." Mjini siku hizi maduka ya vipuri yamejaa, mitumba ya Japani inaingia kila namna. Kuna usukani ulioinuka na kurudi nyuma, unamfuata mwendeshaji alipo, akae wima kama yuko kwenye kiti. Kuna mipira minene ya kushikia isiyoumiza kiganja, na klachi laini ambayo hata mkono mgonjwa unaikamata. Nikauza cherehani ya mama, hela nikamwekea mkononi, nikamwambia nenda kwa fundi upimwe vizuri. Jioni akarudi, usukani unang'aa mpaka majirani wakatoka kutazama. Nilipika wali wa nazi siku hiyo, mjinga mimi.

Asubuhi alipoipanda nikashangaa. Usukani ulikuwa mpana, tena uko mbali kule mbele. Kaunyooshea mikono mpaka mabega yanamtoka, anashika ncha tu za ile mipira mipya.

"Baba Asha, mbona huufikii?"

"Nitazoea."

Akarudi mchana mkono umevimba kuliko zamani. Nikamwambia turudi kwa fundi akaurekebishe. "Nitazoea." Kila siku nitazoea, nitazoea, na kila siku anarudi na mzigo nusu, kisha hakuna mzigo kabisa. Mwishowe nikapanda basi mwenyewe kwenda kugombana na fundi. Huyu fundi anaitwa Chande, ana banda lake nyuma ya soko, mtu wa maneno mengi. Nilimvaa pale mbele ya wateja wake, nikamwambia amekula hela ya mama yangu na kutuharibia pikipiki.

Chande akaweka spana chini. "Mama, mimi nimekosa nini? Mzee si alikuja na kijana wake, yule mrefu? Akaniambia nimpime kijana. Kijana akakaa juu, akanyoosha mikono, nikakaza palepale ilipofika. Nikamuuliza, mzee, na wewe? Akasema, 'Mwenye pikipiki ni huyu, mimi naisogeza tu.'"

Dada, nilitafuta pa kukaa nikakosa, nikakaa kwenye tairi.

Yule kijana ni Hamisi, mtoto wa wifi yangu Mwanaidi. Huku kwa Waluguru mali ya mwanamume haiendi kwa mwanawe, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Hilo nalijua tangu naolewa, na sikuwa nalo ugomvi. Tena Hamisi akija nyumbani ananiita "mke wangu", ndiyo desturi yao kwa mke wa mjomba, na juu ya hapo mimi Mnyamwezi ni mtani wao. Anaingia ameinama, maana mlango wetu haumtoshi, anasema, "Mke wangu, mjomba akifa nairithi pikipiki, wewe nakuuza." Namjibu, "Nani anunue mke kwako na wewe unavyonuka?" Tunacheka, anakula, anaondoka. Mtani hakasirikiwi. Lakini kumpimia mtu urithi wakati mwenye mali bado anakula ugali wangu, tena kwa cherehani ya mama yangu!

Nilimkuta shemeji yako ameketi barazani anamenya chungwa. Nikamuuliza, "Mkono unaokandwa kila siku ni wa nani, wako au wa Hamisi?"

Hakushtuka hata kidogo. Akamenya, akamaliza, akasema taratibu, "Hamisi ni damu yangu. Mimi nimeshaambiwa moyo umekwisha. Usukani wa kunistarehesha mimi wa nini?"

"Na mimi? Na Asha?"

"Ninyi si mna kwenu?"

Hivyo hivyo, dada. Kama anayemwelekeza mpita njia. Akanipa na kipande cha chungwa.

Basi na mimi nikapandwa na hasira. Kesho yake Asha akanisaidia kuisukuma pikipiki mpaka barabarani, tukalipa gari la mizigo likatupeleka mjini. Nikamwambia Chande, "Toa dude lako hili. Nipe fupi, linalorudi nyuma, na safari hii pima mikono hii hapa." Akanitazama. "Mama, mzee anajua?" Nikamwambia mzee amezoea. Akabadilishana nami, usukani kwa usukani. Nikakaa juu, viwiko vikakunjika vizuri, klachi nikaikamata kwa vidole viwili. Haki ya Mungu, nilijisikia kama nimeshonewa nguo.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa shule, suruali ya shemeji yako chini, kanga juu. Mkuyuni nzima ilihamia pale. Wanawake walinicheka, wanaume walisubiri nianguke ili wapate la kuzungumza. Nikaanguka, wakapata. Nikainuka. Mwisho nikawa nateremsha ndizi mjini mwenyewe, na siku za kliniki nampakia shemeji yako nyuma. Alikuwa haniongeleshi kabisa siku hizo, ila tukifika kwenye kona ananishika kiuno kwa nguvu zote. Nilikuwa naongeza mwendo makusudi. Nicheke tu, maana ndiyo furaha pekee niliyoipata.

Kisha Hamisi akaja. Akaipanda kama kawaida yake, akakata kulia, goti likagonga usukani. Akakata kushoto, likagonga la pili. Viwiko vimemwingia mbavuni, kakunjamana kama kuku kwenye tenga. Siku hiyo hakuniita mke wangu.

"Nani kagusa usukani wangu?"

"Mwenye mikono," nikamjibu.

Akashuka, akaondoka bila kula. Ijumaa baada ya swala wakaja wote: wifi Mwanaidi, wazee wawili wa ukoo, na Hamisi. Shemeji yako moyo ulishamlaza, tulimwegemeza kwenye mito. Nikatandika mkeka, nikaleta kahawa, nikakaa na mimi kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nilikuwa tayari hata kuwaambia, sawa, mjomba akifa chukueni, lakini leo yuko hai na tumbo linadai.

Wifi akaanza yeye. "Wewe Mnyamwezi! Umejipimia usukani, si ndiyo? Basi panda urudi kwenu Tabora."

Maneno hayo nimeambiwa tangu siku ya harusi. Siku ile alinikunjia mkeka akauweka mlangoni, akasema treni inaondoka. Nilipojifungua Asha akaniletea uji mtupu bila sukari, ati wa njiani. Kila Idi, kila msiba, Mnyamwezi rudi kwenu, na mimi kila mara namjibu la kwake, tunacheka mpaka tunafutana machozi. Nikaona, ah, kumbe wamekuja na utani, mambo yameisha! Moyo ukatua. Nikapiga makofi, nikamwambia, "Naenda wifi, ila kaka yako namfunga nyuma kwa kamba ya mpira kama mkungu wa ndizi, nikamuuze Tabora akiwa mbichi!"

Nikacheka. Nikacheka kwa sauti, nikampiga wifi begani. Halafu nikasikia kwamba ninacheka peke yangu. Wale wazee walikuwa wanatazama vikombe vyao.

"Leo sitanii," wifi akasema. "Shamba ni la ukoo na nyumba imekaa kwenye shamba. Pikipiki tumekuachia, Hamisi haimfai tena. Mtoto ni wako, kwetu sisi mtoto anamfuata mama, mchukue. Tumeshazungumza na mumeo."

Nikamgeukia. Nilitaka aseme neno lolote, hata anitukane. Akahema, akasema, "Mama Asha, usukani si uliupima mwenyewe?" Kisha akaomba maji. Nikampa, dada. Nikainuka nikachota nikampa, nikamshikia na kikombe. Nimejiuliza tangu Ijumaa kwa nini nilimpa.

Hivyo ninakuja. Sikuombi ruhusa, nakwambia tu ili unitayarishie pa kulala na Asha. Asha ananiuliza nani atamkanda baba mkono, nani atampeleka kliniki. Nimemwambia Hamisi ana mikono mirefu. Nilisema kwa hasira, mtoto akalia, na mimi nikamwacha alie. Namchukia shemeji yako, Mwajuma. Namchukia, na akikohoa nainuka, halafu nakumbuka, nakaa tena.

Pikipiki nakuja nayo. Stesheni wameniambia haipokelewi kwenye behewa la mizigo mpaka usukani ufunguliwe. Chande kaniambia atakuja kuufungua yeye mwenyewe, tena bure, kwa aibu aliyonayo. Usukani sitauacha kwenye mizigo, nitaupakata. Huko Tabora tutatafuta fundi wa kuufunga tena, na niko tayari kupimwa upya.

Msalimie mama mkubwa, mwambie namletea machungwa, asipokumbuka mimi ni nani usimlazimishe. Wasalimie wanao, na yule jirani yetu mama mshonaji, ila suala la cherehani usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Asha anawaamkia wote.

Na shemeji yangu, mumeo, msalimie sana. Najua atakuja kunipokea stesheni, na najua neno lake. Kila nikija likizo ananiuliza nikiwa bado mlangoni mwa behewa, "Vipi, Waluguru wamekufukuza?" na mimi namjibu, "Wamenifukuza, nipe chai." Mwombe, dada, safari hii asiniulize. Maana nitamjibu vilevile, na atacheka.

Mdogo wako,
Tatu