Nashinda Kila Raundi, Baba Mkwe Anabeba Mchezo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana nimejifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Mimi ni dereva wa malori, shule niliiacha darasa la sita lakini poka ya karata nimecheza na madereva kwenye mipaka saba na hakuna aliyeinuka mezani akicheka, leo ananitoa jasho mzee mmoja fundi saa mstaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi, naye ni baba mkwe wangu. Tunacheza wawili tu sebuleni kwake Jumamosi mchana, pesa hatuwekeani, kila mtu anaanza mchezo na nati sitini kutoka kwenye makopo yake, tunacheza raundi kwa raundi mpaka mmoja ziishe, na mzee ana sheria ambayo sijaikuta popote duniani: kwingine dau la lazima, lile unaloweka kabla hujaona karata, watu hupokezana, lakini kwake aliyeshinda raundi iliyopita ndiye anayeweka nati nne, na aliyeshindwa haweki kitu. Nikasema sheria gani hii ya kubembeleza wanyonge, nikacheka mpaka chai ikanipalia, na kwa mdomo wangu huu nikamwambia atakayetangulia kushinda michezo mitano ndiye atakayempa jina mtoto wetu anayekuja, mzee akanipa mkono palepale.

Sasa tuko nne kwa nne. Jumamosi iliyopita nilishinda raundi kumi na moja mfululizo, kumi na moja mshauri, kila mara mzee anachungulia karata zake, anazitupa na kusema, "Chukua, mkwe wangu, wewe ni mwamba," nami navuta rundo kwa mikono miwili, halafu ya kumi na mbili akaongeza dau yeye, nikasema moyoni mzee kachoka kuonewa, nikasukuma nati zangu zote, akafunua wafalme wawili taratibu kama anayefungua saa. Jina analolitaka ni la marehemu mjomba wake, refu hilo, mtoto atamaliza shule ya msingi bado analiandika. Na mke wangu ni fundi cherehani, jina tulilopatana ameshalidarizi kwenye shuka tatu za mtoto, na habari za dau hili hana. Mzee nampenda, nisipomwona wiki moja namkumbuka kuliko lori langu, ila nipe mbinu ya kumfunga.

Ni mimi, Mwamba wa Barabara Kuu

Mwamba, pole, na sasa kaa chini. Hizo raundi kumi na moja ulishinda nini? Uliweka nati nne, mzee akatupa karata bila kuweka hata moja, ukavuta nne zako mwenyewe. Rundo lile lilikuwa mali yako inarudi nyumbani. Yeye kutupa hakumgharimu kitu, akakaa bure kuwangoja wafalme huku wewe ukimlipia kiti. Mtu kashika koleo na vidude vya saa maisha yake yote, ulidhani kungoja kutamshinda?

Sikiliza. Ukiwa wewe ndiye uliyeweka nati nne, na mzee aliyekuwa akitupa tu akaongeza dau ghafla, na mkononi huna kitu cha maana, mwachie hizo nne. Ndiyo, zipoteze. Zikienda, mzigo wa dau unahamia kwake na kiti cha bure kinakuwa chako. Hapo tupa, tupa tena, akikutania nyamaza, mpaka upate jozi kubwa, ndipo usukume. Shida yako huwezi kuvumilia kushindwa hata kwa nati nne, na mzee alikusoma tangu ulipoicheka sheria yake.

Hayo ni ya karata. La mtoto ni jingine, na hapo nakugombeza. Mwenzako anabeba mimba na kudarizi shuka, wewe na baba yake mnamgawana mtoto juu ya meza kama sahani ya karanga. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie yote, na utani uache mlangoni. Atakasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Kisha nendeni wote wawili kwa mzee, mwambieni dau limefutwa kwa sababu halikuwa lenu kuliweka.

Mchezo wa tano uchezeni, ni haki yenu. Ila wekeni kilicho chenu: atakayeshindwa afue nepi mwezi mzima. Na wewe, bwana, ushinde usishinde, utafua.