Kwa Nini Simo kwenye Picha za Naxos

Kilburn, London

Dada yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote mnaolala chini ya paa la mama. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo ndio haujakaa sawa, na utajua sababu ukisoma. Vipi goti la mama? Anaipaka ile dawa niliyomtumia, au kaifungia kabatini inangojea wageni? Na shemeji, kile kikohozi cha vumbi la saruji kimepungua? Mwambie avae barakoa hata kama mafundi wenzake wanamcheka.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nimeandika makusudi. Wewe simu yako huiweka spika huku unakaanga samaki, na ninachosema kinafika mpaka kwa jirani. Halafu mimi nikiisikia sauti yako nitalia, na nikianza kulia sitasema chochote cha maana. Anayekuletea ni mama mmoja tunayeswali naye, anakuja Tanga kuozesha. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mwezi uliopita ulinitumia ujumbe wa sauti ukasema, "Mwanahawa, picha za safari yenu zimependeza, na Zaina jua limempiga kweli, lakini mbona wewe huonekani? Ndiyo wewe mpigaji?" Nilikuwa kituo cha basi nimetoka kazini. Nikadhani umechanganya, labda ni picha za zamani. Nikakuomba unitumie, ukanitumia. Zaina kasimama kwenye njia ya mawe, nyuma yake nyumba nyeupe za kijijini, na mgongoni kavaa begi la kijani ambalo mimi ndiye niliyemchagulia. Basi langu likaja, likaondoka, mimi nipo tu. Kwa hiyo sikukujibu. Jibu lake ni hili ninaloandika, na ni refu.

Nianze na hiyo safari yenyewe, maana kwenye simu nilikuwa nakupa vipande vipande. Unamjua yule bibi ninayemhudumia, mwembamba, mkali wa chai. Ujanani mwake alikuwa akitembea kwa miguu kwenye visiwa vya Ugiriki, begi mgongoni, kijiji hadi kijiji, analala kwenye vyumba vya kina mama wa pale. Sasa miguu imemgomea. Ramani zake anazo bado, na kila nikimaliza kumvisha soksi hunifungulia moja. Siku moja akaniambia, "Usidhani ni mambo ya matajiri. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya chekechea. Panda meli ya polepole, nenda kabla ya joto na kabla ya wageni, tembea, kula wanachokula wao." Maneno hayo yakaniingia. Mimi tangu nije nchi hii sijawahi kwenda mahali ambako hakuna mtu ninayemwogesha.

Nikamwambia Zaina. Ningemwambia nani mwingine? Tulikua naye mtaa mmoja Ngamiani, mama kamlisha futari kwa sahani moja na mimi, na nilipofika London na koti la kuazima ni yeye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanilaza kitandani kwake na yeye akalala chini. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga, tumetoka kwetu ili tupande magari, wewe unataka tulipie nauli tukatembee kwa miguu?" Lakini wiki iliyofuata akaja na viatu vya kupandia milima, vimenunuliwa mtumba lakini kama vipya, vyenye kamba nyekundu. Nikajua amekubali.

Dada, tulifurahi majira yale ya baridi. Kila zamu za kazi zilipoturuhusu tulikwenda kujizoeza kwenye ile bustani kubwa ya Hampstead yenye vilima. Tulijaza mabegi yetu paketi za sembe kutoka duka la Peckham, maana sembe ndio mzigo tunaoujua uzito wake, tukapanda na kushuka huku Wazungu na mbwa wao wanatupisha. Siku moja paketi ilipasuka ndani ya begi la Zaina, tukaacha alama nyeupe njia nzima. Tulicheka hadi tukakaa chini kwenye tope. Nyumbani kwangu tulitandaza ramani ya bibi sakafuni: Naxos kwanza, halafu meli ndogo mpaka Amorgos. Mimi nikatafuta vyumba, nikaandikiana na mama mmoja wa Naxos mwenye chumba cha vitanda viwili juu ya duka la mikate. Nikajua basi la kijijini linaondoka na wanafunzi na linarudi nao, kwa hiyo lazima tuamke nalo au tutembee. Nikajua chemchemi ziko wapi ili tusinunue maji. Kwa chakula, maharage, mayai, mboga za majani na dagaa wa kopo, tusihangaike na suala la halali. Zaina alitaka kubeba sufuria ya wali. Tuligombana juu ya sufuria ile mwezi mzima, nikashinda.

Sasa ndiyo viza. Pasi yetu ya Tanzania unaijua, huvuki bahari na pasi ile bila kuombwa uthibitishe hata pumzi. Nikajaza maombi yangu, nikakaa na Zaina tukajaza na yake, mezani kwangu, huku ananisomea tarehe yake ya kuzaliwa kana kwamba siijui. Fomu inauliza unasafiri na nani. Nikaandika: rafiki yangu Zaina, Mtanzania, naye anaomba viza. Vyumba na meli vyote viko kwa majina yetu mawili. Tulipanga kwenda pamoja ofisi ya viza siku moja. Asubuhi ile akapiga simu, zamu yake imebadilishwa, nitangulie, yeye amesogeza siku yake wiki ijayo.

Nikatangulia. Dada wa dirishani akasoma, akauliza, "Huyu mwenzako maombi yake yako wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba anakuja wiki ijayo. Akaandika kitu.

Wakanikatalia. Wewe sikukwambia, niliona aibu, nikawa nakwepa habari za safari. Walisema maelezo ya safari yangu hayakuthibitika, kwamba ninayesema nasafiri naye hakuna maombi yake. Nikampigia Zaina nikimlaumu kidogo, kwa upole, kwamba kuchelewa kwake kumeniponza. Akaniambia, "Na mimi wamenikatalia, shoga. Barua imekuja leo." Akaja nyumbani jioni ile. Nilikuwa nimepika pilau kwa sababu nikiwa na majonzi mikono yangu lazima ifanye kitu. Alikula, akalia. Rehema, alilia machozi ya kweli, pua imemwiva, mimi ndiye niliyekuwa namfuta. Nikamwambia tutaomba tena mwakani, visiwa havihami. Mwezi wa safari ulipofika akasema anakwenda Coventry, hapa hapa Uingereza, kumsaidia binamu yake aliyejifungua. Nikampa na nguo za mtoto ampelekee.

Halafu ukaniuliza kwa nini sionekani kwenye picha.

Picha zile aliziweka kwenye status yake, akanificha mimi tu. Wewe alikusahau, au hakukuhofia, na nitafika hapo. Sikumpigia. Nilisubiri arudi, nikamwandikia maneno machache tu: "Njoo unywe chai." Alikuja na chupa ya asali na sabuni ya mafuta ya zeituni, akaviweka mezani kabla hajavua koti, na nilipomtazama akajua kuwa najua. Nilimpa chai. Ndivyo tulivyolelewa, hata mwizi ukimkaribisha unampa chai.

Nikamuuliza, "Umeingiaje Ugiriki, Zaina?"

Akazungusha kikombe. "Nina pasi ya Uingereza."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Sikuamini masikio yangu. Nikamwambia, "Ulikaa kiti hicho hicho tukajaza fomu ya viza."

"Nilikaa."

"Ukanisomea tarehe yako ya kuzaliwa."

"Mwanahawa, ningekwambiaje? Niseme mimi si Mtanzania tena? Unajua kwetu inavyokuwa. Ukichukua uraia wa watu, wa kwako umekutoka, na maneno yakifika Tanga mama yangu ataulizwa sokoni kama mwanawe kawa Mzungu. Na kiwanja changu je, asiye raia anaruhusiwa ardhi? Kila wiki nilisema wiki hii namwambia. Nikasema viza yake ikitoka nitamwambia siku hiyo hiyo, tucheke, yaishe."

"Haikutoka. Haikutoka kwa sababu yako."

"Najua. Ndiyo maana nililia."

"Ukalia, ukala, halafu ukaenda."

"Tiketi zilikuwa zimeshalipwa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini aliisema. Amekwenda na mfanyakazi mwenzake. Wamelala kwenye chumba changu juu ya duka la mikate. Mama wa Naxos aliambiwa mimi naumwa, akaniombea dua kwa dini yake. Kila njia waliyopita niliitafuta mimi, kila chemchemi waliyokunywa maji.

Nilimuuliza kitu kimoja tu zaidi. Nilimuuliza kwa nini mimi, mtu aliyelala kitandani kwake, hakuniona wa kuaminiwa. Akanijibu, na nadhani hakukusudia kunichoma, "Wewe huwezi kunyamaza. Furaha yako usoni, hasira yako usoni. Rehema ndiye anayeweza. Ndiyo maana kiwanja nilikihamishia jina lake."

Rehema dada yangu, hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Niliwaza labda anakusingizia. Nikakumbuka ile safari yako ya ofisi ya ardhi, uliyoniambia ni mambo ya shemeji. Nikakumbuka vijana wa kujenga ukuta Mwahako, ukasema unawasimamia kwa niaba ya mtu. Sikuuliza ni nani, maana wewe sijawahi kukuhoji. Halafu nikakumbuka Jumapili zetu. Kila Jumapili nilikusimulia viza, wewe ukiwa mbele ya kikaango chako. Nilikwambia leo nimeandika jina la Zaina kwenye fomu. Ukaniuliza, "Na yeye kaomba?" Nikasema bado, zamu zinambana. Nikasikia mafuta yakichemka, halafu ukasema, "Haya, Mungu atasaidia." Nilidhani unaniombea.

Ulikuwa unajua kwamba Zaina hahitaji viza. Ulijua ninaandika uongo kwa mkono wangu kwa watu wa serikali bila kujua kuwa ni uongo. Neno moja tu lingetosha. Usingehitaji kutaja pasi wala kiwanja. Ungesema, "Mdogo wangu, jaza ya kwako peke yako." Ningekusikiliza bila kuuliza, kama nilivyokusikiliza maisha yangu yote. Zaina nimemkasirikia, na hasira hiyo naijua itakavyokwenda, pengine baada ya muda nitamfungulia mlango. Ya kwako siijui. Sijawahi kuwa na hasira na wewe, sijui inawekwa wapi.

Nimemweleza bibi yangu wa ramani, si yote. Akasema nijaze tena, peke yangu, niandike ukweli mtupu. Nimejaza. Safari hii pale panapouliza unasafiri na nani sikuandika mtu. Iliniuma kupita nilivyotarajia, kuacha pale wazi. Lakini nitakwenda, Inshallah, kabla baridi haijaanza, na begi langu jepesi.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu, ila habari hizi usimpe, anampenda Zaina kama mwanawe na sitaki ampungukie upendo kwa ajili yangu. Nisalimie shemeji, na binti yako wa kwanza umwambie mtihani asiogope, asome tu. Nisalimie shangazi wa Pangani na mume wake asiyesikia, na mama mkubwa, mwambie kanga zake nimezipata na moja nimeivaa leo. Mama yake Zaina ukimwona barabarani, msalimie vizuri sana, kama siku zote.

Na kiwanja cha mwanawe kitunze. Ukuta uendelee, jina lako libaki pale mpaka atakapokitaka. Hapa Kilburn wapo watu wa kwetu ambao neno langu moja lingewatosha, na nimekaa nao, nimekula nao, tangu siku ile ya chai. Hakuna aliyesikia kitu kutoka kwangu, wala hatasikia. Ningeiweza siri hiyo, dada. Hamkunijaribu.

Mdogo wako,
Mwanahawa