Maharage ya Shamba la Chini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani tunaomba jicho lililopasuliwa liendelee kupona, na uwe umeacha kuchungulia chini ya bandeji kama tulivyosikia. Shangazi, shikamoo nawe. Najua wewe ndiye unayemsomea. Tafadhali usiruke mahali, hata pakikuuma.

Sote ni wazima, ila mimi usingizi umenipaa. Mama anapanga nyanya kwenye kreti, nami nimo ofisini kando ya stoo ya mbegu, naandika mbiombio kabla lori la mboga halijaondoka.

Baba, ulituachia agizo moja: samadi inayotoka kwa wengine isiguse udongo wetu kabla hatujaijaribu kwa kuotesha maharage kwenye makopo. Mvua zikakaribia, samadi yetu haikutosha, na jirani mwenye ng'ombe akampa Baba Mdogo ya kwake bure, tela baada ya tela. Nilimkumbusha habari ya makopo. Akasema eti mimi, Mheshimiwa Karani, nataka kufundisha kinyesi kusoma, na kwamba mvua haimsubiri mtu anayelima koponi. Wafanyakazi walicheka, nami nikacheka nao kwa woga. Samadi ikamwagwa shamba la chini lote.

Maharage yameota yamejikunja, majani yamefumba kama ngumi ya mtoto mchanga. Baba Mdogo anasema ni baridi. Mimi nikajaza makopo kimyakimya, mengine samadi yetu, mengine ya jirani, nikapanda maharage, nikayaweka dirishani nyuma ya pazia. Ya samadi yetu yamesimama wima. Ya jirani yamejikunja vilevile. Nilipomwendea jirani hakuficha kitu. Alisema alinyunyizia malisho yake dawa ya magugu, ng'ombe wakala nyasi, na hakuna aliyekohoa. Hakujua kwamba dawa ile hupita tumboni mwa ng'ombe ikatoka na samadi, ingali na nguvu zake. Nasi hatukumuuliza.

Mkaguzi wa kilimo hai anakuja leo alasiri. Akiyaona maharage yale, shamba la chini litavuliwa nembo ya kilimo hai kwa miaka kadhaa. Jana wakati wa chakula Baba Mdogo alisema asubuhi ya leo ataingiza trekta, ayafukie yote, mkaguzi akute udongo mweusi na sisi tunatabasamu. Mama alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba Mdogo akajibu kuwa hata hivyo hajaona mgonjwa anayetembeza kidonda chake sokoni.

Sasa, Baba, lile linaloninyima raha. Ufunguo wa trekta ninao mimi. Niliuchomoa alfajiri, nikautia mfukoni mwa koti langu. Baba Mdogo anautafuta tangu kulipokucha, amegombeza kila mtu hadi mbwa, amepekua banda la kuku, nami nimemsaidia kuinua magunia huku jasho likinitoka. Akanipiga bega, akasema kumbe karani wetu ana moyo. Hapo ndipo aliponimaliza.

Nilitaka nikuombe uamue wewe, lakini barua hii itakufikia mkaguzi ameshakuja na kuondoka. Kwa hiyo nimeamua. Nikifunga bahasha nitamrudishia ufunguo mkononi, nimwambie ni mimi niliyeuficha, na kwamba mkaguzi akishuka garini nitampeleka shamba la chini mwenyewe. Baba Mdogo akilima, alime. Makopo yatabaki dirishani. Nembo ile ni ahadi yako kwa watu wanaokula mboga zetu, nami siwezi kumwonyesha mtu nusu ya ahadi. Sibadili.

Akikupigia simu kunishtaki, msikilize, ni mdogo wako, ila ukumbuke ulisikia kwangu kwanza. Mama anakusalimu, anasema usikune jicho. Msalimie kila aliye hapo, na Shangazi apumzishe sauti.

Lori linapiga honi. Baba Mdogo amesimama mlangoni, ananiuliza kama nimeshaangalia kwenye koti langu.

Wako mtiifu,
Mwanao, Karani